Karani aliyegeuka mtunga programu

Ndugu zangu, jaribuni kumwuliza karani yeyote wa uhasibu kama yeye ni mtunga programu za kompyuta. Atacheka. Atawaambieni kwamba hao ni watu waliosomea. Yeye anajaza lahajedwali tu, ile ambayo maofisini wengi wanaiita Excel. Lakini mtazameni akiwa kazini. Anaiamuru mashine ijumlishe safu hii, ikate kodi katika ile, na endapo salio limeshuka chini ya kiwango fulani, iandike neno "deni". Kuipa kompyuta amri za namna hiyo ndiko kutunga programu. Wiki hii nataka tuzungumzie watu hawa: walitoka wapi, na kwa nini ilichukua miaka hata wasomi wakawatambua.

Katika miaka ya 1960 na 1970 kompyuta ilikuwa mali ya idara maalumu. Mashine ilijaza chumba kizima, na wenye ruhusa ya kuigusa walikuwa wachache. Meneja wa mauzo huko Marekani akitaka ripoti mpya, alipeleka maombi yake kwa wataalamu na kungoja zamu, miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi. Ripoti ilipofika, mara nyingi shida iliyoombewa ilikuwa imekwishapita. Hapa Tanzania tuliyaonja mambo ya mashine hizo kwa namna yetu. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake mwaka 1965, hesabu za serikali zikaingia katika matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mapinduzi ninayotaka kuyaeleza yalipozuka, sisi mlango wetu ulikuwa umefungwa.

Yalianzia darasani. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alimtazama mwalimu akichora ubaoni jedwali la mapato na matumizi ya kampuni. Tarakimu moja ikibadilika, ilibidi mwalimu afute na kukokotoa upya kila tarakimu iliyoitegemea. Bricklin akawaza: je, kama ubao wenyewe ungejua kukokotoa? Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakatengeneza programu iliyoitwa VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta ndogo ya Apple II. Programu yenyewe iliuzwa kwa takriban dola 100. Watu wakanunua kompyuta ya zaidi ya dola 1,000 ili waipate hiyo ya dola 100! Baadaye ikaja Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985.

Mhasibu hakuhitaji tena kumwomba mtu. Alileta kompyuta mezani kwake, akaanza.

Wasomi walianza kulifuatilia jambo hili mapema katika miaka ya 1980. John Rockart na Lauren Flannery, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, waliwahoji watumiaji 200 katika makampuni 7 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1983. Waligundua kwamba mtumiaji si wa aina moja. Wapo wanaobonyeza walichoelekezwa tu. Lakini lipo kundi jingine lenye ajabu yake: watu walioajiriwa kuchambua masoko au fedha, ambao sasa walikuwa wakiwatungia wenzao programu mchana kutwa, na bado hawakujiona kuwa watunga programu. Kwao, kazi yao ilibaki kuwa ile ya masoko na fedha.

Aliyeliona jambo hili kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, hakuwa mtu wa kompyuta kwa asili. Bonnie Nardi alisomea anthropolojia, elimu ya kuishi na watu na kutazama desturi zao. Yeye na mwenzake James Miller, wakiwa katika maabara ya Hewlett-Packard, walikwenda kuzungumza na watumiaji wa lahajedwali kazini mwao. Wakati huo iliaminika kwamba lahajedwali ni chombo cha mtu mmoja, yeye na kioo chake. Walichokikuta ni tofauti kabisa. Mwenye kujua biashara alijenga jedwali la kawaida, kisha sehemu ngumu akamwachia mwenzake mwenye kuipenda mashine. Jedwali likapita mkono kwa mkono, likawekwa mbele ya kikao, na wakubwa wakayagundua makosa kwa kuitazama tarakimu na kusema, "Hii haiwezekani." Walichapisha utafiti huo mwaka 1991.

Mwaka uliofuata Nardi, safari hii na Michelle Gantt, aliandika juu ya watu wa ofisi za wachoraji wa mitambo wanaowasaidia wenzao kompyuta inapogoma. Aliwaita watunza bustani. Nina hakika hata ofisini kwako yupo mmoja. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo na cheo chake hakiitaji, lakini kila anayekwama anaita jina lake, na siku akiwa likizo ofisi nzima inahangaika. Utafiti ulionyesha kwamba baadhi ya makampuni yaliitambua kazi hiyo rasmi na kuwapa watu hao muda wa kuifanya. Mengine yaliiacha iwe hisani. Hisani hiyo, tukumbuke, inatoka katika saa za kazi nyingine ambayo mtu huyo ataulizwa mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye upande wenye hatari. Mwaka 1987 watafiti wawili wa IBM, Polly Brown na John Gould, waliwapa watu 9 wazoefu kazi ya kutengeneza lahajedwali 3 kila mmoja. Kati ya hizo 27, asilimia 44 zilikuwa na makosa. Lililo baya zaidi ni kwamba wenyewe walikuwa na imani kubwa kwamba kazi yao ni sahihi. Programu ya mtaalamu hupitiwa na mtaalamu mwingine kabla ya kutumika. Lahajedwali ya karani inaundwa asubuhi na mchana imo mezani kwa mkurugenzi. Kisha karani anahamishwa, na fomula zake zinabaki zikifanya kazi bila mtu anayezielewa.

Msidhani haya ni mambo ya ofisi ndogo. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo kutoka maabara na kuyapitisha katika mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani. Faili la mtindo huo lina mistari 65,536, haliongezi hata mmoja. Majibu yalipozidi, yaliyobaki nje yalipotea kimyakimya. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu ya taifa. Wao wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao. Waliosahauliwa ni wale waliokaa nao na kusafiri nao, ambao walipaswa kutafutwa upesi na hawakutafutwa. Wachumi Thiemo Fetzer na Thomas Graeber baadaye walilinganisha maeneo yaliyoguswa zaidi na yale yaliyoguswa kidogo, wakahitimisha kwamba ucheleweshaji ule uliongeza maambukizi na vifo.

Dawa ya haraka iliyopatikana ilikuwa kuyagawa majibu katika mafungu madogo zaidi, ili yaenee katika mafaili yaleyale ya Excel.