Tarakimu Ishirini: Safari ya Mita ya Umeme Dar es Salaam

Umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Waingereza wakaurithi, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa makampuni binafsi, TANESCO na DARESCO. Jiji likawa chini ya DARESCO. Mwaka 1964 Serikali ikanunua hisa, na baadaye jina la TANESCO likabaki peke yake. Miaka yote hiyo mita ilikuwa ya kusomwa tu. Msoma mita alipita nyumba kwa nyumba, akanakili namba, ankara ikafuata.

LUKU ndiyo iliyogeuza mambo. Katikati ya miaka ya 1990, mita za Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo zilipoanza kufungwa, mteja alipata ruhusa ya kubadilisha kumbukumbu zilizomo ndani ya kifaa cha shirika. Ruhusa yenyewe ni finyu mno. Mita hizo hazijaunganishwa na mtandao wowote. Malipo yakishapita, habari zake huingizwa kwa kidole, tarakimu 20 ziitwazo tokeni. Humo mna kiasi cha uniti, dakika tokeni ilipotengenezwa, na hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna namba iliyokosewa. Vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita hiyo moja. Tokeni ya jirani haikubali. Iliyotumika jana nayo haikubali, kwa sababu mita inaikumbuka dakika yake.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, ununuzi ukaanza kuhamia kwenye simu. Mwaka 2021 kodi ya majengo nayo ikapitishiwa humo humo kwenye ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Manzese na Mbagala, ambako wapangaji wa vyumba huchangia mita moja, kodi ya mwenye nyumba ilianza kukatwa kwenye hela ya umeme ya mpangaji. Naliona jambo hilo kuwa uonevu hadi leo.

Kisha dakika zikaisha. Mfumo huu wa tokeni, uliobuniwa Afrika Kusini, ulihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zingejaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tokeni mpya.

Ili kuziboresha mita, kuanzia Julai 2024 mteja aliyenunua umeme alipokea, kwa mara moja tu, makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalibeba ufunguo mpya, uliogawanywa nusu kwa nusu kwa kuwa haukuenea kwenye tokeni moja. La tatu lilibeba uniti. Tarakimu 60, kwa mpangilio. Mmoja anasoma kwenye simu, nne nne, mwingine anabonyeza rimoti ya LUKU, wakikosea wanarudia.

Kwa maoni yangu, hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa za kiufundi zilizowahi kufanywa na wananchi wa jiji hili kwa mikono yao wenyewe. Haijaandikwa inavyostahili. Waliowasaidia wazee wa Tandika na Tandale kuingiza namba zile bado wapo na wanakumbuka. Wahojiwe sasa, kwa sababu hesabu mpya ya dakika, iliyoanzia 2014, nayo itajaa mwaka 2045.