Majina ya Darasa: Historia ya Wachapaji wa Vitabu vya Mwaka

Marceline ni mji mdogo wa reli kaskazini mwa jimbo la Missouri, Marekani. Wakazi wake ni elfu mbili na ushei. Wageni wengi wanaofika huko humfuata Walt Disney, aliyeishi hapo utotoni kati ya 1906 na 1911. Mimi kilichonivuta kuusoma mji huo ni kiwanda cha uchapaji. Kiwanda hicho, Walsworth, kilianza 1937, Don Walsworth na ndugu zake wakichapa programu za maigizo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaingia katika vitabu vya mwaka vya shule, na hadi leo makao makuu yako pale pale Marceline, mbali na jiji lolote kubwa.

Sisi huku Kenya tuna jarida la shule: ujumbe wa mwalimu mkuu, insha, mashairi, picha ya timu ya mpira. Kitabu cha mwaka cha Wamarekani kinakwenda mbali zaidi. Kina jalada gumu na karatasi nzito inayong'aa, na ndani yake kuna sura ya kila mwanafunzi na jina lake chini, pamoja na walimu, michezo, vyama, dansi, hata wapishi na madereva wa basi. Siku kinapowasili wanafunzi hubadilishana vitabu, kila mmoja akimwandikia mwenzake maneno ya kuagana. Wakenya waliotafuta habari za ujana wa Barack Obama walikutana na kitabu cha aina hiyo: Oahuan cha 1979 cha shule ya Punahou, Honolulu, ambamo yeye bado ni kijana aitwaye Barry.

Kazi hii ina umri mrefu. Kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza kilitoka Yale mwaka 1806, na kwa kuwa kamera haikuwapo, nyuso za wahitimu zilionyeshwa kwa vivuli vyeusi vya ubavuni. Wanafunzi wa Waterville, New York, walitoa chao 1845 na kukiita The Evergreen. Miaka ya 1860 mpiga picha wa Boston, George K. Warren, alianza kutoa nakala nyingi za sura moja kutoka kwenye negativu. Wanafunzi wakanunua picha za wenzao na kuzifungia kwenye albamu, kila mtu na marafiki zake. Kisha, kuanzia miaka ya 1880, ikaenea mbinu ya kuivunja picha iwe nukta ndogo ndogo ili ipigwe chapa kwa wino pamoja na maandishi. Hapo kazi ikatoka mikononi mwa mpiga picha ikaenda kwa mchapaji, na haijarudi.

Kampuni kubwa zilikuja baadaye, tena kwa njia mbalimbali. Jostens ilianza 1897 huko Owatonna, Minnesota, kama duka la Otto Josten la vito na kutengeneza saa. Ikaendelea na pete za wahitimu, na vitabu vya mwaka ikaanza kuvichapa 1950. Kwa nyakati mbalimbali imekuwa na viwanda vya vitabu Topeka, Clarksville, State College, Visalia na Winston-Salem. Ukiitazama orodha hiyo kwenye ramani utaona kwamba mingi ni miji ya wastani, ambako mtu anaweza kuingia kiwandani akitoka shule na kuondoka na mvi.

Kila kiwanda cha namna hii kina meneja wa uzalishaji, na jina lake haliandikwi katika kitabu hata kimoja kati ya maelfu anavyovipitisha. Kwa hiyo nataka kuipima historia hii kwa urefu wa maisha yake ya kazi. Simzungumzii mtu mmoja. Nafuata njia ambayo yeyote aliyeanza katikati ya miaka ya 1960 na kustaafu miaka arobaini baadaye alilazimika kuipita.

Alianza kwenye meza ya kubandika kurasa. Kila asubuhi posta ilileta bahasha nene kutoka shuleni. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya mpango wa ukurasa, picha zenye namba mgongoni na alama za mahali pa kukata, na maelezo yaliyopigwa taipureta na mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Mbandikaji alikuwa na kisu chembamba, rula na nta ya moto. Alipomaliza, ukurasa ulipigwa picha na kamera kubwa iliyojaza chumba. Negativu ikawekwa juu ya meza yenye taa chini, na fundi mwenye brashi ndogo akaziba kila tundu ambalo vumbi lilikuwa limeacha. Ndipo likatengenezwa bamba la kuchapia. Aliyepitia meza hizi zote ndiye aliyefaa kuwa fomeni, na baadaye meneja, kwa sababu alijua kosa lilipozaliwa kabla hajaambiwa.

Kitu kimoja alichopaswa kukijua kama anavyojua njia ya nyumbani ni karatasi ya kurasa kumi na sita. Kitabu hakichapwi ukurasa kwa ukurasa. Karatasi moja kubwa hubeba kurasa nane mbele na nane nyuma, kisha hukunjwa mara tatu, na kurasa zikakaa kwa mpangilio. Chukua karatasi ya kawaida, ikunje mara tatu, andika namba kwenye pembe, kisha ifungue. Upande mmoja utakuta 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16, na upande wa pili zilizobaki. Rangi ilikuwa ghali, hivyo shule isiyo na fedha nyingi ilinunua rangi ya upande mmoja tu wa karatasi. Ndiyo maana katika vitabu vya zamani unaweza kukuta kurasa za 4 na 5 zinameremeta, na ukigeuza, za 6 na 7 ni nyeusi na nyeupe. Mhariri mwanafunzi aliyetaka picha ya malkia wa dansi iwe ya rangi kwenye ukurasa wa 7 alipaswa kuelezwa kwa upole kwamba karatasi haikubali.

Karatasi zikishakunjwa hupangwa moja juu ya nyingine, zikashonwa kwa uzi kupitia mkunjo, mgongo ukatiwa gundi, kingo tatu zikakatwa kwa kisu kizito, na mwisho kitabu kikavishwa jalada lake na kubanwa mpaka gundi ikauke. Jalada nalo lina mafundi wake: wa kukata ubao wa karatasi, wa kuuvisha, na wa kupiga jina la shule kwa muhuri wa shaba na utando wa dhahabu. Ushonaji ndio uliofanya vitabu hivi vidumu. Kitabu cha gundi peke yake huachia kurasa baada ya miaka, ilhali kilichoshonwa hufunguka vizuri mikononi mwa mjukuu.

Ugumu wa kazi, hata hivyo, hauko kwenye mashine. Mchapaji wa riwaya au wa Biblia hupanga kazi mara moja na kuchapa nakala maelfu. Mchapaji wa vitabu vya mwaka ana shule nyingi mno, kila moja ikitaka nakala mia chache za kitabu chake, kisichofanana na kingine, na karibu zote zinataka kukipata kabla shule hazijafungwa Mei au Juni. Kurasa huletwa kwa mafungu tangu vuli, lakini fungu la mwisho ndilo linaloelemea, maana mwanafunzi ni mwanafunzi. Machi na Aprili ni miezi ya zamu za usiku. Shule nyingine hupendelea kitabu kitoke Agosti ili mahafali yaingie ndani, basi hata likizo ya kiangazi meneja haipati kama wengine. Watoto wake mwenyewe wamekua wakijua kwamba baba au mama hakai nyumbani majira ya maua.

Na kuna tarehe ya mwisho. Shule iliyochelewa hupoteza nafasi yake kwenye foleni. Kwenye karatasi ni sheria nyepesi. Katika maisha, upande wa pili wa simu yuko mwalimu mmoja, anayesimamia kitabu hicho juu ya vipindi vyake vyote, na mwezi huo amefiwa au amelazwa. Meneja akimpisha mbele, shule nyingine iliyotimiza ahadi yake inasukumwa nyuma. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mzito kuliko ununuzi wa mashine yoyote, na meneja huufanya kila msimu bila mtu kumshukuru.

Pigo kubwa la kizazi hiki lilikuja 1985, ilipotolewa programu ya PageMaker kwa kompyuta za Macintosh. Katika muda wa miaka kumi hivi shule zilianza kupanga kurasa zao zenyewe. Bahasha za picha zikapungua, zikaja diski, kisha CD, kisha kurasa zikapita kwenye intaneti. Bamba likaanza kutengenezwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, na chumba cha kamera kikafungwa. Aliyeanza kazi kwenye meza ya nta sasa, akiwa meneja, ndiye aliyepaswa kuwaambia wenzake wa meza ile kwamba inaondolewa. Wengine walijifunza kompyuta, wengine walihamia kwenye ushonaji, na wapo walioondoka wakiwa na ujuzi wa miaka ishirini usiohitajika tena popote. Watu wanaposifu teknolojia ya uchapaji, mimi huwakumbuka hao.

Mashine zote hizo zilipobadilika, jambo moja halikubadilika: jina. Nililijua kwa uchungu nikiwa kidato cha tatu, nilipokuwa nikimsaidia mwalimu wetu kutayarisha jarida la shule. Tulisafiri hadi Nairobi kuchukua prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Fomeni, mzee mwenye wino kwenye kucha, alitutandikia kurasa juu ya meza na kumpa mwalimu kalamu.

"Mwalimu, soma majina kwanza, hayo mengine baadaye," alisema. "Ukishatia sahihi hapa, siwezi tena kukusaidia."

Tulikuwa na haraka ya kuwahi basi. Mimi ndiye niliyesoma orodha ya picha ya kidato cha nne, na niliisoma kwa macho ya mtu anayeijua tayari. Mstari wa pili majina mawili yalikuwa yamepishana. Mmoja wa vijana hao alifariki kabla hajamaliza mwaka uliofuata, na jarida lile ndilo chapa pekee ambayo mama yake alikuwa nayo yenye sura ya mwanawe. Chini yake kuna jina la mtoto wa mtu mwingine. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, lakini kitabu hakisahihishwi kwa chai.

Tangu hapo nimeelewa kwa nini kiwandani prufu husomwa na mtu, ikarudishwa shuleni, ikatiwa sahihi, ndipo ikapita. Mchapaji hamjui mtoto yeyote kati ya wale. Hawezi kujua kwamba huyu ni Kathryn wa "y" na yule ni Catherine wa "C". Anachoweza ni kuwakawiza wanaowajua mpaka wasome.

Uzito wa vitabu hivi huonekana zaidi pale mambo yalipokuwa mabaya. Wamarekani wenye asili ya Japani walipofungwa makambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanafunzi wa sekondari ya kambi ya Manzanar, California, walitoa kitabu chao cha 1943 hadi 1944 wakakiita Our World. Kina timu, vyama na wahitimu kama kitabu cha shule nyingine yoyote, na leo ni ushahidi kwamba watoto wale walikuwa pale, kila mmoja kwa jina lake. Na Februari 2019 ukurasa wa kitabu cha 1984 cha chuo cha udaktari huko Virginia ulimtikisa gavana wa jimbo hilo wakati huo, Ralph Northam, kwa picha ya mtu aliyejipaka uso weusi akiwa kando ya mwingine aliyevaa vazi la Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi. Gavana aliomba radhi, kisha akakana kuwamo pichani, na uchunguzi haukuweza kuthibitisha ni nani waliokuwamo. Ukurasa huo ulikuwa umekaa rafuni miaka thelathini na mitano.

Simu zimejaa picha sasa, na wako wanaosema kazi hii imefika mwisho. Vyuo vikuu vingi vimeacha kutoa kitabu cha mwaka. Viwanda vimepungua na kampuni zimemezana. Lakini shule za sekondari bado zinaagiza, na hata 2020, madarasa yalipofungwa kwa korona, walimu wengi waliwagawia wanafunzi vitabu vyao kupitia madirisha ya magari.

Meneja niliyemfuata hapa angekuwa amestaafu kabla ya hapo. Akipita maktaba ya mji wake atakuta rafu nzima ya migongo ya vitabu iliyopita mikononi mwake. Kwetu rafu za namna hiyo ni chache, na majarida mengi ya shule yamebaki nakala moja moja chini ya masanduku. Kama wewe unayo moja, itoe leo. Andika kwa penseli majina ya wote unaowakumbuka kwenye picha ya darasa, mstari wa mbele kutoka kushoto, kisha peleka nakala shuleni kwenu.