Nguvu za injini zikizidi: Jinsi ya kuchagua klachi ya gari la barabarani

Gari likiongezwa nguvu za injini, kifaa ambacho aghalabu hulalamika kwanza ni klachi. Dalili yake haifichiki. Dereva akiwa katika gia ya nne kwa mwendo wa kadiri hukanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ya injini huruka juu, ilhali ule wa kasi umezubaa palepale. Muda si muda, harufu ya kitu kinachoungua hujaa ndani. Hapo klachi inateleza, na mwenye gari huanza kutafuta nyingine iliyo imara zaidi. Kosa linalotendeka sana wakati huo ni kudhani kwamba klachi bora ni ile kali kuliko zote dukani.

Nchini Kenya, mazungumzo ya aina hii hayaendi mbali kabla ya Subaru Impreza WRX kutajwa. Sifa za magari ya Subaru zilikuzwa na mashindano ya Safari Rally: Patrick Njiru aliyaendesha katika miaka ya 1990, Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Lakini gari la mashindano lina kikosi cha mafundi kinacholisubiri, na klachi yake haina kazi ya kujikokota katika foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Gari la kwenda kazini lina mahitaji mengine kabisa.

Klachi pleti hubanwa katikati ya flaiwili, ambayo huzunguka pamoja na injini, na presha pleti. Ikibanwa barabara, hupeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Uwezo wake wa kushika hutegemea mambo manne: shinikizo la presha pleti, kipimo cha msuguano cha tabaka lililobandikwa kwenye pleti, umbali wa wastani wa tabaka hilo kutoka kitovuni, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Mambo haya huzidishwa pamoja.

Tuchukue mfano wa pleti yenye kipenyo cha milimita 230, kama ile ya WRX ya gia tano. Tuseme tabaka la msuguano linaanzia milimita 75 kutoka kitovuni na kuishia milimita 115; wastani ni milimita 95, yaani mita 0.095. Tukadirie shinikizo kuwa nyutoni 8,000 na msuguano kuwa 0.3, kwa nyuso mbili. Jibu ni nyutoni-mita 456 za msokoto. WRX iliyouzwa nchini Japani mwaka 2001 ilitoka kiwandani na msokoto wa takriban nyutoni-mita 330, hivyo ingebaki akiba ya kuridhisha.

Sasa mwenye gari anaongeza msukumo wa tabo, ile mashine inayoshindilia hewa ndani ya injini, na msokoto unafika 430. Kwa hesabu ya karatasini, klachi ingali inashika. Lakini tabaka la kawaida likipata joto kali, msuguano wake hupungua. Ukishuka hadi 0.25, uwezo wa klachi hiyohiyo huwa nyutoni-mita 380 tu. Ndiyo maana klachi inaweza kushika vizuri asubuhi na kuteleza jioni baada ya saa nzima ya foleni, na fundi akaambulia lawama asizostahili.

Hesabu hii inaonyesha pia kwamba kinachotesa klachi ni msokoto, wala si zile nguvu za farasi ambazo vijana hupenda kujigamba nazo. Injini yenye tabo hutoa msokoto mkubwa ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, hivyo huweza kuichosha klachi kuliko injini isiyo na tabo yenye nguvu zilezile za farasi. Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, gari lipimwe kwenye daino, na ikumbukwe kwamba msokoto unaopimwa magurudumuni ni mdogo kuliko ule unaotoka kwenye injini, ambao ndio klachi huubeba. Kisha itafutwe klachi yenye uwezo unaouzidi msokoto huo wa injini kwa asilimia 20 hadi 30. Zaidi ya hapo ni kununua taabu.

Njia ya kwanza ya kuongeza uwezo ni kutumia presha pleti yenye shinikizo kubwa zaidi na kuacha klachi pleti iwe ya tabaka la kawaida. Klachi ya namna hii hushika polepole na kwa ulaini, na kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo inayoyafaa magari mengi yaliyoongezwa nguvu kwa kiasi. Gharama yake ni pedali nzito. Isitoshe, kila mara pedali inapokanyagwa, shinikizo hilo huegemea beringi ya krenkishafti inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Likipita kiasi, beringi hiyo huisha mapema.

Njia ya pili ni kubadilisha tabaka lenyewe. Kevla hudumu na hushika kwa upole, ila huhitaji kuzoezwa kwa subira, na ikiunguzwa uso wake hung'aa kama kioo na huenda isirudie hali yake. Seramiki, inayobandikwa kwa vipande vitatu, vinne au sita, huvumilia joto vizuri sana. Lakini hushika kwa ghafla, gari hutetemeka likiondoka, na flaiwili hulika. Kuondoka kwenye mlima katikati ya msongamano na klachi kama hiyo ni adhabu.

Njia ya tatu ni klachi ya pleti mbili. Nyuso za msuguano huwa nne badala ya mbili, hivyo uwezo huongezeka maradufu bila pedali kuwa nzito mno. Bei yake ni kubwa, na baadhi hulialia pedali inapokanyagwa. Ama kuongeza kipenyo, kama ilivyo kwa klachi ya milimita 240 ya Impreza STI yenye gia sita, kwa kawaida huambatana na kubadilisha giaboksi yenyewe, na hilo ni suala la mfuko mwingine.

Giaboksi ndiyo hasa sababu ya kutokimbilia klachi kali. Ile ya gia tano ya WRX inajulikana kuwa na meno yasiyopenda vishindo. Klachi inayoteleza kidogo gari linapoondoka kwa fujo hufanya kazi ya fyuzi: huumia yenyewe na kuokoa kilicho nyuma yake. Ukiweka pleti ya seramiki isiyo na zile springi za kitovuni zinazopunguza mshtuko, kishindo chote hufikia meno ya gia. Klachi huwa nzima, na aliyekwepa gharama ya klachi mbili hujikuta akinunua giaboksi.

Wauzaji hupanga klachi kwa hatua: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kipimo cha pamoja kinachowabana watengenezaji, kwa hivyo hatua ya pili ya mmoja huenda ikawa ya tatu ya mwingine. Anayenunua, awe Kirinyaga Road au kwa kuagiza ng'ambo, aulize uwezo kwa nyutoni-mita, aina ya tabaka, na kama kuna springi kitovuni. Aulize pia kama inalingana na giaboksi yake, maana baadhi ya Subaru hutumia presha pleti ya kuvutwa na nyingine ya kusukumwa, na hazibadilishani.

Flaiwili nyepesi huifanya injini ipande mizunguko haraka, lakini gari huzimika kwa urahisi likiondoka. Iwe nyepesi au ya kawaida, uso wake usawazishwe au ibadilishwe. Giaboksi ikiwa chini, beringi za klachi zibadilishwe pia, na sili ya nyuma ya krenkishafti ikaguliwe, kwani oili ikigusa tabaka la msuguano hakuna klachi itakayoshika, hata ya bei gani.

Baada ya kufungwa, klachi huzoezwa kwa mwendo wa upole mjini, aghalabu kilomita 500 hadi 800, kulingana na maagizo ya mtengenezaji. Kilomita za barabara kuu hazisaidii sana, kwa sababu tabaka huzoea flaiwili kwa kushikwa na kuachiliwa mara nyingi. Muda huo ukiisha, jaribio la gia ya nne lirudiwe. Mshale wa mizunguko ukiruka tena, kitu cha kwanza cha kukaguliwa ni uhuru wa pedali, kisha ile sili, kabla ya kumwendea muuzaji.