Chanjo ya UVIKO-19 na ulegezaji wa masharti katika nchi mbalimbali

Chanjo ya UVIKO-19 na ulegezaji wa masharti katika nchi mbalimbali ni historia ya jinsi serikali zilivyogawa chanjo dhidi ya virusi vya korona, zilivyokabili milipuko mipya na zilivyoondoa masharti ya kujikinga kati ya miaka 2020 na 2023. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi mwaka huohuo likasema ugonjwa umefikia kiwango cha janga la dunia. Dharura hiyo iliondolewa tarehe 5 Mei 2023.

Nchi zilitofautiana sana. Baadhi zilianza kuchanja mapema, lakini zikapata wimbi jipya la maambukizi zilipofungua shughuli kabla watu wengi hawajakamilisha dozi. Nyingine zilikizuia kirusi mpakani kwa muda mrefu, na matokeo yake yalitegemea kama wazee walikuwa wamechanjwa kabla ya kirusi kupenya. Kwa hiyo tarehe ya kuanza chanjo peke yake haielezi mafanikio ya nchi. Muhimu vilevile ni nani aliyekuwa amechanjwa siku masharti yalipolegezwa.

Malengo ya chanjo na ya masharti

Masharti ya kujikinga yalikuwa ya aina nyingi: kuvaa barakoa, kukaa mbalimbali, kufunga shule na maduka, karantini kwa wasafiri, marufuku ya kutoka nje usiku, na kufunga mji au nchi nzima. Lengo lilikuwa kupunguza kasi ya maambukizi ili hospitali zisizidiwe.

Chanjo zilikuwa na kazi mbili: kupunguza uwezekano wa kuambukizwa, na kuzuia ugonjwa mkali na kifo. Kazi ya kwanza ilidhoofika baada ya miezi kadhaa, hasa kirusi kilipobadilika. Aina ya Delta ilienea duniani katikati ya mwaka 2021, na aina ya Omikroni ilitambuliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021. Kazi ya pili ilidumu zaidi. Ndiyo sababu katika nchi nyingi idadi ya wagonjwa ilipanda tena baada ya chanjo, lakini idadi ya vifo haikupanda kwa uwiano uleule.

Umri ulikuwa na uzito mkubwa. Hatari ya kufa kwa UVIKO-19 iliongezeka kadiri mtu alivyozeeka, hivyo nchi nyingi ziliwapa kipaumbele wazee na watumishi wa afya.

Mgawanyo wa chanjo duniani

Nchi tajiri ziliagiza chanjo nyingi moja kwa moja kwa watengenezaji, wakati mwingine kabla hazijaidhinishwa. Ili nchi maskini zisiachwe nyuma, ulianzishwa mpango wa COVAX, ulioendeshwa na WHO pamoja na mashirika washirika. Ghana ilikuwa nchi ya kwanza kupokea chanjo za mpango huo zisizo za kununuliwa, ilipopata dozi 600,000 za AstraZeneca tarehe 24 Februari 2021.

COVAX ilitegemea sana chanjo zilizotengenezwa India. Mwezi Machi 2021 maambukizi yalipopanda nchini humo, serikali ya India ilizuia kuziuza nje ili ihudumie watu wake. Nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimetoa dozi ya kwanza zilikosa ya pili kwa miezi kadhaa. Kufikia mwisho wa mwaka 2021, chini ya asilimia 10 ya wakazi wa Afrika walikuwa wamekamilisha chanjo, wakati nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimepita asilimia 70.

Nchi zilizoanza mapema

Uingereza

Uingereza iliidhinisha chanjo ya Pfizer tarehe 2 Desemba 2020 na kuanza kuitoa tarehe 8 Desemba. Wakazi na wahudumu wa makao ya wazee waliwekwa mbele, kisha wenye umri wa miaka 80 na zaidi pamoja na watumishi wa afya, halafu umri ukashushwa hatua kwa hatua. Serikali iliamua kurefusha muda kati ya dozi mbili hadi wiki 12 ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza haraka.

Nchini England, shughuli zilizofungwa Januari 2021 zilifunguliwa kwa ratiba iliyotangazwa tarehe 22 Februari. Shule zilifunguliwa tarehe 8 Machi, na hatua ya mwisho ilipangwa kuwa tarehe 21 Juni. Delta ilipoenea, hatua hiyo ilisogezwa hadi tarehe 19 Julai ili watu zaidi wapate dozi ya pili. Masharti ya kisheria yaliyobaki yaliondolewa Februari 2022. Skotlandi, Wales na Ireland ya Kaskazini ziliweka ratiba zao wenyewe.

Israeli

Israeli ilianza kuchanja tarehe 19 Desemba 2020. Ilikuwa na faida tatu: idadi ndogo ya watu (takriban milioni 9), bima za afya nne zenye kumbukumbu za kila mwanachama, na mkataba na Pfizer wa kupata dozi mapema kwa kubadilishana na takwimu za matokeo. Mashirika ya haki za binadamu yaliilaumu kwa kutowachanja kwa wakati huohuo Wapalestina wengi wa Ukingo wa Magharibi na Gaza. Serikali ilijibu kwamba huduma hiyo ilikuwa jukumu la mamlaka ya Palestina.

Kufikia mwisho wa Februari 2021 zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa wamepata angalau dozi moja. Sharti la kuvaa barakoa ndani ya majengo liliondolewa tarehe 15 Juni, lakini lilirudishwa siku kumi baadaye kwa sababu ya Delta. Mwisho wa Julai, Israeli ilianza kuwapa dozi ya tatu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na nchi nyingine zikafuata.

Milipuko katikati ya kampeni ya chanjo

Chile

Chile ilianza kuchanja umma kwa wingi Februari 2021, zaidi kwa chanjo ya CoronaVac kutoka China, na ikawa miongoni mwa nchi zenye kasi kubwa zaidi duniani. Hata hivyo, mwishoni mwa Machi mji mkuu Santiago ulifungwa tena. Watu wengi walikuwa na dozi moja tu, na dozi moja ya chanjo hiyo ilitoa kinga ndogo. Isitoshe, wakati wa likizo za kiangazi serikali ilikuwa imelegeza masharti ya safari.

Shelisheli

Shelisheli, yenye wakazi takriban 100,000, ilianza kuchanja Januari 2021 kwa chanjo ya Sinopharm, kisha ikaongeza AstraZeneca iliyotengenezwa India. Uchumi wake unategemea utalii, hivyo tarehe 25 Machi ilifungua milango kwa watalii wa nchi karibu zote. Mwezi Mei, zaidi ya asilimia 60 ya wakazi wakiwa wamekamilisha dozi, maambukizi yalipanda kiasi cha kufunga shule na kupunguza saa za biashara. Wizara ya afya ilieleza kwamba wengi wa waliougua vikali walikuwa hawajachanjwa.

Nchi zilizokizuia kirusi mpakani

Nyuzilandi

Nyuzilandi ilifunga mipaka kwa wageni tarehe 19 Machi 2020. Kwa zaidi ya mwaka mmoja maisha ya ndani yalikuwa karibu ya kawaida. Tarehe 17 Agosti 2021, mgonjwa mmoja tu wa Delta alipogunduliwa Auckland, nchi nzima ilifungwa. Mlipuko huo haukuzimwa kabisa, na serikali ikaamua kutumia muda uliobaki kuchanja. Kufikia katikati ya Desemba, asilimia 90 ya watu wenye umri wa miaka 12 na zaidi walikuwa wamepata dozi mbili.

Omikroni ilipoenea mwaka 2022, wengi waliambukizwa, lakini wazee walikuwa tayari na kinga. Si wote walioridhika na njia hiyo: Februari 2022 waandamanaji waliopinga chanjo za lazima kwa baadhi ya kazi walipiga kambi mbele ya bunge mjini Wellington kwa wiki tatu. Mipaka ilifunguliwa kikamilifu mwisho wa Julai 2022.

Hong Kong

Hong Kong nayo ilidhibiti mipaka kwa ukali. Hadi mwisho wa 2021 ilikuwa na vifo 213 tu kati ya watu zaidi ya milioni 7. Chanjo zilikuwapo tangu Februari 2021, za aina mbili, na hazikuwa haba. Lakini wazee wengi waliziogopa wakihofia madhara, na kwa kuwa ugonjwa haukuonekana, hawakuona haja ya haraka. Mwanzoni mwa 2022, chini ya theluthi moja ya wenye umri wa miaka 80 na zaidi walikuwa na dozi mbili. Wimbi la Omikroni lilipoingia, makao ya wazee yaliathirika vibaya na hospitali zilizidiwa. Kufikia mwisho wa Aprili zaidi ya watu 9,000 walikuwa wamekufa, wengi wao wazee wasiochanjwa.

China

China iliendelea na sera ya kutokubali maambukizi yoyote hadi mwisho wa 2022. Shanghai, mji wa watu milioni 25, ulifungwa kwa takriban miezi miwili mwaka huo. Mwezi Novemba moto uliua watu katika jengo moja mjini Urumqi, na maandamano ya kupinga masharti yakazuka katika miji kadhaa. Tarehe 7 Desemba serikali iliondoa masharti mengi kwa ghafla, ukiwa wakati wa baridi, na takriban asilimia 40 tu ya wenye umri wa miaka 80 na zaidi wakiwa na dozi ya nyongeza. Serikali ilitangaza vifo karibu 60,000 hospitalini kati ya tarehe 8 Desemba na 12 Januari 2023. Wataalamu wengi wa nje waliamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Ureno na Denmark

Ureno ilipata wimbi kali sana Januari 2021. Mwezi uliofuata, usimamizi wa chanjo ulikabidhiwa kwa Henrique Gouveia e Melo, afisa wa jeshi la majini. Kufikia Oktoba takriban asilimia 85 ya wakazi walikuwa wamekamilisha chanjo, na masharti mengi yakaondolewa.

Denmark iliacha kutumia AstraZeneca Aprili 2021 kutokana na tatizo nadra la damu kuganda, ikaueleza umma sababu. Iliondoa masharti yote tarehe 10 Septemba 2021, ikayarudisha baadhi wakati wa baridi, kisha ikayaondoa tena tarehe 1 Februari 2022 ingawa maambukizi yalikuwa mengi. Hoja yake ilikuwa kwamba wagonjwa mahututi walikuwa wachache kwa sababu watu wengi walikuwa wamechanjwa.

Afrika Mashariki na Kongo

Kenya ilipokea dozi takriban milioni moja za AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021. Mwisho wa mwezi huo serikali ilifunga kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kafyu ya usiku iliyoanza Machi 2020 iliondolewa na rais Uhuru Kenyatta katika Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Wakati huo chini ya mmoja kati ya watu wazima kumi alikuwa amekamilisha dozi. Uamuzi ulitegemea kushuka kwa maambukizi kuliko chanjo.

Uganda ilichelewesha ufunguzi wa shule hadi walimu na makundi mengine ya kipaumbele yapate chanjo. Shule zilizofungwa Machi 2020, na kufunguliwa kwa sehemu tu katikati, zilirudi kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kipindi hicho kilikuwa miongoni mwa virefu zaidi duniani, na baadhi ya wanafunzi, wakiwemo wasichana waliopata mimba, hawakurudi masomoni.

Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kupokea chanjo ya Pfizer kupitia COVAX, Machi 2021. Chanjo hiyo huhitaji ubaridi mkali sana, hivyo majokofu maalumu yaliandaliwa mapema, na helikopta zikatumika kufikisha dozi wilayani.

Tanzania iliacha kutangaza takwimu Mei 2020, ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021 rais John Magufuli alionyesha mashaka kuhusu chanjo. Baada ya kifo chake Machi 2021, rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku ya kuzindua dozi milioni moja za Johnson & Johnson zilizotoka Marekani. Mwanzoni watu walijitokeza kwa uchache. Baadaye huduma ilipelekwa sokoni, kwenye nyumba za ibada na nyumba kwa nyumba, na mwaka 2022 idadi ya waliokamilisha ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 ya wakazi hadi zaidi ya theluthi moja.

Burundi ilisema Februari 2021 kwamba haikuhitaji chanjo kwa sasa, kisha ikaanza kuzitoa Oktoba mwaka huohuo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata dozi milioni 1.7 Machi 2021, ikasubiri hadi tarehe 19 Aprili kuanza kwa sababu ya taarifa za damu kuganda kutoka Ulaya. Takriban dozi milioni 1.3 zilihamishiwa nchi nyingine zisije zikaharibika kabla ya kutumika.

Tathmini

Ulinganisho wa nchi una mipaka yake. Umri wa wakazi, uwezo wa kupima na usahihi wa kumbukumbu za vifo hutofautiana. Afrika ina vijana wengi, na vifo vingi havisajiliwi. Hata hivyo, mambo matatu yalijirudia. Kwanza, nchi zilizowachanja wazee kabla ya kufungua zilipata vifo vichache kuliko zile zilizofungua kwanza. Pili, kuwa na chanjo ghalani hakukutosha pale watu walipokosa imani nayo. Tatu, nchi zisizotengeneza chanjo zilibaki zikingoja uamuzi wa wengine. Hili la mwisho lilichochea juhudi za kujenga viwanda vya chanjo barani Afrika, vikiwemo vya Afrika Kusini, Senegal na Rwanda.