Mama Alikuwa Anafanyia Kazi Nyumbani Kabla ya Zoom

Ukishuka pale Kaplong, mahali barabara ya kutoka Narok na Bomet inakutana na ile ya Kericho kwenda Kisii, kuna swali utaulizwa na kila mzee anayekujua. "Siku hizi unafanya kazi wapi?" Haulizi kazi gani. Anauliza wapi. Nikisema nafanyia nyumbani, kwa laptopu, mzee ananiangalia kwa huruma halafu ananiambia, "Mungu atafungua njia, kijana." Yaani nimemwambia niko na kazi, yeye amesikia sina.

Hilo swali limenikera miaka miwili sasa. Lakini siku moja nikajiuliza limetoka wapi, manake babu za hawa wazee hawangelielewa hata kidogo. Zamani kazi ilikuwa ng'ombe, wimbi, nyumba. Mtu alikuwa mahali pake na kazi ilikuwa hapo hapo. Kwa hivyo nani alitufundisha kwamba kazi ni mahali unapoenda?

Turudi kwanza Machi 2020. Tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule na kuagiza ofisi za serikali na kampuni ziruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Kuanzia hapo TV ilikuwa na hadithi moja tu: jinsi ya kupanga meza yako, jinsi ya kuvaa shati na tai juu na kaptura chini, jinsi ya kuzuia watoto wasiingie kwa mkutano wa Zoom. Wataalamu wakaja kutuambia kwamba "Wakenya" wamehama ofisi na dunia ya kazi haitawahi kuwa ile tena.

Wakenya gani? Hesabu ilikuwa wazi. Ripoti ya uchumi ya KNBS ya mwaka huo huo ilisema kufikia 2019 nchi ilikuwa na watu milioni 18.1 wenye kazi, na milioni 15.1 kati yao ni wa jua kali. Ukitoa hao, wanaobaki ni kama milioni tatu tu, na ndani yao kuna walimu, polisi, manesi, watu wa viwandani, wachunaji wa mashamba makubwa ya chai. Wenye meza na kiti cha kuzunguka ni wangapi hapo? Ni wachache sana, lakini ndio wanaotengeneza habari, kwa hivyo wakihama wao, nchi yote imehama.

Na hapo kuna kitu kimoja kilichoniuma zaidi. Hiyo milioni 18.1 haihesabu wakulima wadogo wadogo. Imeandikwa hivyo kabisa, kwamba kilimo kidogo na ufugaji wa kuhamahama viko nje ya hesabu. Mama yangu ana chai juu kidogo ya Kaplong, upande wa kuelekea Kapkatet, na ameichuna tangu kabla nizaliwe. Hayuko kwa wenye ofisi na hayuko kwa jua kali. Hayuko mahali popote.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne waliitwa shuleni Oktoba, lakini sisi wengine tulikaa nyumbani hadi Januari 2021. Kukaa ni neno tu. Tulichuna chai. Majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, halafu kupeleka kituoni kupimwa kabla lori la kiwanda lifike. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo, na Kenya ikatoa kilo milioni 569.5 za chai, kutoka milioni 458.8 mwaka uliotangulia. Mwaka ambao TV ilisema kila kitu kimesimama ndio mwaka ambao sisi tulitoa chai kuliko wakati wowote. Jioni tunaingia ndani na vidole vyeusi vya utomvu, tunawasha TV, tunaelezwa jinsi ya kuzoea kufanyia kazi nyumbani. Mama alikuwa anacheka. Alidhani ni vichekesho.

Sasa, hii dharau dhidi ya kazi isiyo ya ofisi haikuanza na korona. Nyinyi mliokua na Citizen TV mnamkumbuka Papa Shirandula. Stori yote ilisimama juu ya uongo mmoja: jamaa ni soja wa getini, lakini anatoka kwake asubuhi na suti ili mke wake Wilbroda aamini ni mtu wa ofisi, halafu akifika anabadilisha nguo. Tulicheka zaidi ya miaka kumi, na tulicheka kwa sababu kila mtu alimjua mtu wa hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kulinda jengo ni aibu na kukaa ndani ya hilo jengo si aibu. Na Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alifariki Julai 2020 kwa korona, katikati ya ule mwaka ambao wenye suti waliambiwa wabaki nyumbani na masoja wakabaki getini.

Lakini ofisi yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipopata kitu ambacho sikutarajia. Moja ya ofisi kubwa za kwanza za aina tunayoijua, jumba la makarani waliopangwa mezani wakinakili barua na kujumlisha hesabu, ilikuwa ya Kampuni ya East India, London, mtaa wa Leadenhall, iliyojengwa upya kufikia 1729. Na moja ya bidhaa kubwa zilizowashughulisha makarani hao ilikuwa chai. Chai ya kutoka China, ambayo hiyo kampuni pekee ndiyo iliruhusiwa kuiingiza Uingereza hadi 1833. Mtu anachuna upande mmoja wa dunia, na mwingine anakaa upande wa pili akiandika kilo kwenye kitabu. Mwandishi Charles Lamb alikuwa karani hapo miaka 33, kwa hivyo hata kulalamika kuhusu ofisi kuna historia ndefu. Ofisi na chai ni ndugu wa tumbo moja. Ni vile mmoja alivaa viatu.

Kwetu huyo ndugu mwenye viatu alikuja na serikali. Kodi ya nyumba ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ilidaiwa kwa kila kibanda. Nataka uielewe vizuri hiyo: nyumba yako mwenyewe, uliyoijenga kwa udongo wako, inadaiwa pesa, na pesa hazipatikani ukikaa ndani yake. Lazima utoke. Halafu ikaja sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alivaa kikopo cha chuma shingoni, ndani kuna karatasi inayosema ni nani amemwajiri na anamlipa ngapi. Askari akikukuta bila mwajiri, una kesi ya kujibu. "Unafanya kazi wapi?" Hilo swali la wazee wa Kaplong, mimi naamini lilianza hapo. Halikuwa la kujuliana hali. Lilikuwa swali la polisi.

Huku Sotik, kilomita chache kutoka Kaplong, ardhi ilikuwa imegawiwa walowezi wa kizungu, na Wakipsigis waliobaki juu yake wakaitwa maskwota. Sheria ya 1918 ikasema skwota afanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndiyo akae. Karibu na katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaanza mashamba makubwa ya chai Kericho. Walihitaji mikono mingi, wakajenga nyumba za wafanyakazi ndani ya chai, mistari na mistari. Hizo nyumba bado ziko. Ukipita na matatu unaziona, nyeupe, zote sawa, zimezungukwa na kijani ambacho watu wa Instagram wanakipenda sana.

Mtu anayeishi hapo, kazi yake inaanza hatua kumi kutoka mlangoni. Ukitaka kuwa mjanja utasema anafanyia kazi nyumbani. Kusema kweli analala kazini. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, na watoto wanabadilisha shule wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana sipendi lile wimbo la "nyumbani" kana kwamba nyumbani ni neno moja tu. Swali ni nyumba ya nani.

Mama ni stori tofauti, na yeye pia ana sheria nyuma yake. Waafrika walizuiwa kupanda chai yao wenyewe mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na 1964 ikawa KTDA. Ndipo mtu wa kawaida akaweza kuwa na vichaka vyake nyuma ya jikoni, apeleke majani kituoni, alipwe kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Babu zetu waliporuhusiwa hatimaye kufanyia kazi nyumbani kwa malipo, hakuna gazeti lililoandika kwamba dunia ya kazi imebadilika. Na ilikuwa imebadilika kweli. Ukiona nyumba ya mabati imara kati ya Kaplong na Litein, uliza ilijengwa na nini. Ni chai, au ni maziwa.

Turudi 2020 mara moja tu, kwa sababu kuna tukio nililijua nikiwa nimechelewa. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Miaka yote hiyo madalali na wanunuzi walikutana ukumbini na kupaza sauti kutangaza bei. Korona ilipokuja, mnada ukahamia mtandaoni. Yaani ile chai tuliyochuna mimi na mama, mtu aliinunua akiwa sebuleni kwake. Habari ikawa ni huyo wa sebuleni. Ufundi wake mpya, mtambo mpya, mapinduzi. Kikapu hakikuhamia mahali popote, kwa hivyo hakikuwa habari.

Sasa nije kwangu, halafu niwaache. Mimi nasikiliza rekodi za watu na kuandika wanachosema, na wakati mwingine nachora mistari kuzunguka magari na miti kwenye picha ili kompyuta ijifunze kuyatambua. Serikali ilianzisha Ajira Digital 2016 kutuambia hii ndiyo njia ya vijana, na mabango yake yalikuwa na msichana anayetabasamu na laptopu. Vyombo vya habari vinatuweka kundi moja na yule meneja wa Zoom. Sote tunafanyia kazi nyumbani, si ndio?

Hapana. Yule meneja alienda nyumbani na mshahara wake. Mimi nalipwa kwa kipande. Picha moja, senti kadhaa. Rekodi ya dakika moja, pesa kidogo, na ikikataliwa na mtu nisiyemjua, hakuna kitu. Siku moja nilikuwa namweleza mama, akanikatiza: "Kwani hiyo si kilo?" Alinimaliza. Ni kilo. Mchunaji wa kampuni analipwa kwa kilo, majani mabaya yanatupwa, na mizani haijui kama ulikuwa mgonjwa. Ndugu yangu kikazi si yule mtu wa tai na kaptura. Ni yule wa kikapu.

Na kinachomtisha yeye ndicho kinachonitisha mimi. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuna chai, kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Machi 2024, Remotasks, moja ya majukwaa yaliyokuwa yakiwapa vijana wengi wa hapa kazi za kufundisha mashine, likafunga shughuli zake Kenya. Watu waliamka wakakuta mlango umefungwa. Hakukuwa na geti la kuandamania wala kitu cha kuchoma. Hata chama cha wafanyakazi mimi sina, wakati wachunaji wana chao, na waliwahi kugoma 2010 juu ya hizo mashine. Kwa hilo wametushinda mbali. Mimi sijui jina la mtu hata mmoja anayefanya kazi kama yangu hapa Bomet, na nina hakika wako, pengine mmoja yuko juu ya duka pale pale stendi akitumia bando ya usiku kama mimi.

Nikiwa kidato cha tatu nilijaza fomu ya basari. Kulikuwa na nafasi: kazi ya mzazi. Niliandika "hana". Chai ndiyo iliyokuwa imelipa karo mpaka hapo, na mkono ulioandika ulikuwa na utomvu. Mama alitia sahihi bila kusoma, au alisoma akanyamaza. Sijawahi kumuuliza.

Wiki iliyopita dada yangu mdogo alikuwa mezani na fomu kama hiyo. Nikamwambia aandike "mkulima wa chai," akaandika kwa herufi kubwa. Chini yake kulikuwa na nafasi ya ndugu walio kwenye ajira, na mahali wanapofanyia kazi. Akaniangalia, kalamu juu.

"Na wewe niandike wapi?"

Nilimwambia aiache hiyo wazi kwanza.