Asili, Tafsiri na Amana

Programu ya kompyuta ina sura mbili. Ya kwanza ni maandishi ya asili, ambayo mtu aliyejifunza huweza kuyasoma; ya pili ni tarakimu ambazo mashine huzitii, na kwa mwanadamu ni fumbo. Kati ya sura hizo yupo mfasiri, naye ni programu iitwayo kompaila. Kujenga programu kutoka asili yake ni kumpa mfasiri huyo maandishi, kisha kuiweka tafsiri mahali pake katika mashine.

Zamani kazi hii ilichosha. Programu kubwa ilikuwa na mafaili mengi, na aliyesahau kufasiri upya faili alilolirekebisha alishindana na kosa alilokwisha kuliondoa. Katika mwaka wa 1976 Stuart Feldman, wa maabara ya Bell huko Marekani, alitunga make, programu inayotazama nyakati za mafaili na kufasiri upya yale tu yaliyobadilika.

Mwaka wa 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akishikilia kwamba mwenye kutumia programu ana haki ya kuisoma na kuibadili. Kompaila ya mradi huo, GCC, ilitolewa mwaka wa 1987.

Walakini kusoma hakutoshi. Mwaka wa 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionya kwamba kompaila yaweza kufundishwa hiana: itie mlango wa siri katika programu nyingine, na ijirithishe hiana hiyo kila inapojifasiri, ilhali maandishi ya asili ni safi.

Mwaka wa 2024 hila ya namna nyingine ilidhihirika katika xz, programu ya kubana data. Amri iliyoiamsha haikuwamo katika hazina ya maandishi iliyo wazi kwa wote, bali katika furushi walilopewa wajenzi. Na aliyeitia alikuwa mmoja wa watunzaji wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Andres Freund aliigundua kwa kuona kuingia katika mashine kumechelewa kiasi cha nusu sekunde.

Tangu mwaka wa 2013 wajenzi wa Debian wamejitahidi ili asili moja, ikijengwa na watu mbalimbali, itoe tarakimu zile zile. Dawa hiyo haiponyi kila ugonjwa, kwa kuwa furushi lenye sumu hutoa sumu ile ile kila lijengwapo. Kwa hiyo haki ya kusoma asili haitimii mpaka zisomwe pia hatua za ujenzi, na furushi lilinganishwe na hazina lilikotoka.