Kiingereza cha barua na mahojiano: "was given", "said that" na makosa ya kuepuka

Hapa Uganda, barua nyingi za ofisi na matangazo mengi yanayobandikwa ubaoni huandikwa kwa Kiingereza. Kama umeshafika ngazi ya kati, huenda "I go" na "I went" havikusumbui tena. Yanayowakwamisha wengi ni mambo mawili: kauli ya kutendwa, na usemi wa taarifa, yaani kueleza maneno ya mtu mwingine. Makala haya yanakueleza yote mawili, ukianzia na Kiswahili unachokijua.

1. Kauli ya kutendwa

Kwa Kiswahili tunaongeza "-w-" ndani ya kitenzi: andika, andikwa, ita, itwa. Kiingereza hutumia sehemu mbili: "be" kwa wakati unaofaa (is, was, has been, will be), kisha umbo la tatu la kitenzi (written, called, given, taken, told, seen).

- Barua inaandikwa: "The letter is being written."
- Barua iliandikwa jana: "The letter was written yesterday."
- Barua imeandikwa: "The letter has been written."
- Barua itaandikwa: "The letter will be written."

Mtendaji huletwa na "by", kama "na" yetu: "It was written by the teacher." Lakini barua za ofisi mara nyingi humwacha mtendaji. Kwa hiyo soma kitenzi kwa makini:

- "Your application has been received": ombi lako limepokelewa. Halijakubaliwa bado.
- "Your application is being processed": linashughulikiwa.
- "Your application has been approved": limekubaliwa. "Rejected" ni kinyume chake, limekataliwa.
- "You will be contacted": utatafutwa. Barua haisemi na nani wala lini, basi uliza.
- "You are requested to bring your documents": unaombwa ulete hati zako. Ni lugha ya heshima, lakini usipozileta huenda usihudumiwe.

Makosa yanayotokana na lugha zetu

*"I am born in Goma."* Hiki ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza. Sema "I was born in Goma", kama "nilizaliwa".

*"I have been registered in 2019."* Ukitaja mwaka au siku iliyopita, tumia "was": "I was registered in 2019."

*"I was stolen my phone."* Kwa Kiswahili "niliibiwa simu" ni sawa kabisa. Kwa Kiingereza, "I was stolen" ni kusema wewe mwenyewe ndiwe uliyeibwa. Sema "My phone was stolen."

*"I was died by my father."* "Die" haina kauli ya kutendwa kwa Kiingereza. Sema "My father died" au "I lost my father."

2. Usemi wa taarifa

Kwa Kiswahili tunasema: "Muuguzi alisema kwamba dawa imekwisha." Wakati wa kitenzi cha pili haubadiliki. Kwa Kiingereza, baada ya "said", wakati hurudi nyuma hatua moja: "The nurse said that the medicine was finished."

- is huwa was
- live huwa lived
- went na has gone huwa had gone
- will huwa would
- can huwa could

Maneno ya muda na mahali nayo hubadilika: "tomorrow" huwa "the next day", "today" huwa "that day", "here" huwa "there".

Angalia pia haya:

- "Said" haifuatwi moja kwa moja na mtu, "told" hufuatwa. "She said that…", lakini "She told me that…". Usiseme "She said me".
- Swali hugeuka kuwa maelezo ya kawaida. "Where do you live?" huwa "He asked me where I lived", si "where did I live".
- Swali la ndiyo au hapana huunganishwa na "if": "He asked if I had a card."
- Amri huchukua "to": "They told us to wait." Katazo ni "not to": "They told us not to enter."
- "A-" ya Kiswahili haionyeshi mwanamume wala mwanamke. Kiingereza huonyesha. Ukichanganya "he" na "she", msikilizaji atadhani unazungumzia watu wawili.

3. Unapotoa maelezo

Polisi, hospitalini au kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, tenganisha uliyoyaona na uliyoambiwa:

- "I saw the houses burning." Ulikuwepo.
- "I was told that the houses had been burned." Uliambiwa.

Yote mawili yanaruhusiwa. Ila ukitumia la kwanza palipofaa la pili, halafu baadaye ukasema siku ile hukuwepo, maelezo yako yataonekana kupingana, ingawa hukudanganya.

Kumbuka: mahojiano ya hifadhi si mtihani wa Kiingereza. Kama hujiamini, omba mkalimani mapema. Kabla ya kutia saini, omba usomewe maelezo yako kwa lugha unayoielewa, na useme papo hapo kama kuna kosa.

Jipime

Geuza kwa Kiingereza bila kutazama majibu:

1. Nilipewa barua jana.
2. Niliibiwa baiskeli sokoni.
3. Mama yule aliniuliza nina watoto wangapi.
4. Mwalimu alituambia tusichelewe.

Majibu

1. I was given a letter yesterday.
2. My bicycle was stolen at the market.
3. That woman asked me how many children I had.
4. The teacher told us not to be late.

Ukikosa la 2 au la 3, rudi sehemu inayohusika, kisha utunge sentensi tano zako mwenyewe. Chukua pia barua moja ya zamani uliyo nayo nyumbani na upigie mstari kila "is", "was" na "been". Hapo ndipo utaona ofisi ilikuambia nini hasa.